Simu inasoma, chuo kinaifunga mdomo

Vijana, msidanganywe kwamba mwanachuo asiyeona ameshasaidiwa ilimradi ana simu. Kweli, tangu 2009 simu za Android zina TalkBack, inayosoma kwa sauti maandishi ya kwenye kioo. Lakini ukiipa picha iliyofifia, inababaika. Na picha ndiyo anayorusha mhadhiri WhatsApp: kitini cha fotokopi, kimepigwa upande! Mwenzenu anangoja msomaji wa hisani hadi usiku wa kuamkia mtihani.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010. Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu vitabu kugeuzwe kwa ajili ya wasioona, Tanzania ilijiunga 2020. Vigogo wanakwenda semina na mashangingi. Kuagiza vitini vitolewe vikiwa vimechapwa kumewashinda. Waziri wa Elimu atoe waraka kabla vyuo havijafunguliwa.