Kuvu ya Siku 19 Yaninyima Fidia ya Bima

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nieleze jambo lililotupata mimi na ahali yangu hapa Kanyangi. Sitafuti huruma, kwani mwaka ule wa 2024 maji yaliwaacha wengi katika hali ya kuliliwa kuliko sisi. Nasema kwa sababu nadhani wapo wasomaji wako, huku Kitui na kule Makueni ng'ambo ya Mto Athi, walio na hati ya bima sandukuni kama niliyokuwa nayo mimi, wakailipia kila mwaka kwa moyo mkunjufu, na hawajapata kujua imeandikwa nini.

Mtu asiyekuwa wa huku huona ajabu akiambiwa kwamba nyumba ya Ukambani imeharibiwa na maji, maana habari zetu zinazofika nje ni za ukame, na za akina mama waliokwenda na punda tangu alfajiri kuchimba mchanga wa mto uliokauka. Lakini ni ule uhaba wenyewe unaotufanya tuyaweke maji karibu na vichwa vyetu. Tuna misimu miwili, uua wa Machi hadi Mei na nthwa wa Oktoba hadi Desemba, na kwa kuwa uua humhadaa mkulima mara nyingi, kila mwenye uwezo hulihesabu paa lake la mabati kuwa shamba la pili, akalitia mifereji na kulielekeza kwenye tangi. Nami nilipostaafu ualimu nilinunua tangi la plastiki la lita 10,000, nikalisimamisha juu ya jukwaa la mawe kando ya ukuta wa jikoni, bomba lake likipenya ukutani hadi kwenye sinki. Likijaa, maji yake peke yake yana uzito wa tani kumi. Hesabu hiyo niliwafundisha watoto wa watu kwa miaka mingi, na sikupata kuifanya nyumbani kwangu.

Tarehe 2 Aprili 2024, siku moja baada ya Jumatatu ya Pasaka, nilimpeleka mke wangu Mombasa kwa matibabu ya macho, tukapanda gari la moshi Kibwezi, na ufunguo nikamwachia kijana wa jirani, mwendeshaji bodaboda, awe akilala humo. Naye alilala kila usiku, ila Ijumaa ya tarehe 26 alikwenda matangani ng'ambo ya kijito, mvua ikamkuta huko, kijito kikafura, asiweze kurudi hadi kulipokucha. Usiku huo udongo wa chini ya jukwaa ulilowa ukabonyea upande mmoja, jukwaa likainama na tangi lake, bomba likakatika pale pale linapoingia ukutani, na maji yote yaliyokuwa yamekusanywa tangu mvua kuanza yakamwagika ndani. Aliporudi alikuta magodoro yanaelea, makabati ya mbao yamefura, na nyaya za umeme zilizopita chini ya lipu zimelowa kiasi cha kutisha kuwasha taa.

Nilirejea Jumapili, na Jumatatu ya tarehe 29 nilikuwa Kitui mjini mbele ya karani wa kampuni iliyonikatia bima, ambayo jina lake silitaji hapa kwa kuwa shauri letu bado liko mezani. Redio ya mle ofisini ilikuwa ikitangaza habari za Mai Mahiu, ambako usiku wa kuamkia siku hiyo maji yaliwachukua watu waliokuwa wamelala. Nami nikaona haya, ya kweli kabisa, kusimama pale kuzungumzia makochi, katika msimu ambao hatimaye ulihesabiwa kuua zaidi ya watu 200 nchini. Hata hivyo nilijaza fomu. Karani alinipokea kwa adabu, akanipa sharti moja ambalo naomba msomaji alikumbuke: nisiguse kitu, nisikaushe ukuta wala kubandua lipu, mpaka mkadiriaji wa hasara aje ajionee kwa macho yake.

Nikatii. Majirani walikuja kwa mwethya, yaani ujima, kama ilivyo desturi yetu, na majembe na ndoo mkononi, tayari kuzoa matope na kukomoa lipu yote iliyolowa ili ukuta upate hewa. Nikawazuia, nikiwaambia kwamba hayo ni mambo ya bima na yana utaratibu wake, na mzee mmoja akanitazama kama ninavyojitazama mimi sasa. Mkadiriaji alifika tarehe 16 Mei, yaani siku ya 19 tangu maji yaingie. Nyumba iliyolowa hadi magotini, ikafungiwa unyevu kwa siku 19 katika msimu wa mvua, huota nini ikiwa haioti kuvu? Ilikuwa imeota kuvu nyeusi kutoka sakafuni hadi usawa wa dirisha. Bwana yule, ambaye kwetu hakukaa hata nusu saa, aliipiga picha kwa bidii kubwa kuliko alivyolipiga picha bomba lililokatika, na nilipomwita atoke nje aone jinsi jukwaa lilivyoinama alisema ameliona kutoka dirishani.

Tarehe 20 Juni nikapata barua. Baada ya kunipa pole, ilieleza kwamba hati yangu hulipia maji yatokayo kwa kupasuka au kufurika kwa tangi, chombo au bomba, lakini hailipii uharibifu wa polepole utokanao na uchakavu na mvujo wa muda mrefu. Na kwa vile ukuta ulikuwa na kuvu iliyokomaa, ilikuwa dhahiri kwao kwamba bomba lilikuwa likivuja kwa miezi. Kwa hiyo ile kuvu niliyoamriwa kuitunza, kwa kisingizio cha kuhifadhi ushahidi, ndiyo iliyosimama kizimbani kunishuhudia kinyume.

Nikaandika rufani, nikaambatisha kipande cha bomba chenye mvunjiko mpya, pamoja na picha ambazo kijana yule alizipiga kwa simu yake asubuhi ya tarehe 27, zikionyesha ukuta umelowa lakini hauna doa la kuvu hata moja. Jibu lilikuja tarehe 14 Agosti, na habari ya kuvu haimo tena. Sababu ile iliachwa kimya kimya, ikaletwa nyingine ambayo haikuwahi kutajwa, kwamba nyumba ilikuwa imekaa bila mtu kwa zaidi ya siku 30 kabla ya tukio, na kwa sharti hilo bima ya maji husimama. Tiketi yangu ya gari la moshi ina jina langu na tarehe 2 Aprili. Kutoka siku hiyo hadi usiku wa maji ni siku 24, hata tukimfuta yule kijana kana kwamba hakulala humo kamwe. Siku 30 wamezihesabu wapi, barua haisemi.

Hapo ndipo nilipoomba, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa ya kulipa shilingi 12,600 kila mwaka, nipewe hati kamili ya bima, kwa sababu wakala wangu alikuwa amenipa stakabadhi na ukurasa mmoja wa muhtasari tu. Nakiri taksiri yangu: mwalimu mzima anatia sahihi asichokisoma! Nilipoletewa ilikuwa na kurasa nyingi za Kiingereza cha mahakama, maandishi madogo kama mbegu za wimbi, na ibara ya nyumba isiyo na mtu imo katikati ya ibara nyingine ambazo haziihusu. Mimi Kiingereza nimekifundisha, na nilihitaji kuisoma mara tatu. Je, jirani yangu auzaye ndengu, akikatiwa bima hiyo hiyo kwa ajili ya mkopo, atapita wapi? Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na tena lugha rasmi, na katika kifungu cha 46 imempa mnunuzi wa huduma haki ya kupata maelezo yatakayomwezesha kufaidi alichokilipia. Sioni jinsi vifungu hivyo viwili vinavyoweza kusimama pamoja na hati kama ile.

Mpwa wangu aliyesomea sheria alinieleza jambo ambalo limenikaa moyoni. Nia njema kamili, ambayo kampuni za bima hututajia kila tunapojaza fomu ili tusifiche kitu, hutajwa sana pamoja na hukumu ya Lord Mansfield katika kesi ya Carter na Boehm, London, mwaka 1766. Carter alikuwa gavana wa ngome moja kisiwani Sumatra, aliikatia bima isije ikatekwa, Wafaransa wakaiteka, na Boehm aliyemkatia bima akakataa kulipa akidai kwamba hakuambiwa udhaifu wa ngome. Watu hukumbuka kwamba jaji alimwajibisha mwenye bima kusema kweli; wachache hukumbuka kwamba Carter alishinda, na kwamba jaji alisema wajibu huo unazifunga pande zote mbili. Kampuni inayobadilisha sababu ya kukataa baada ya ile ya kwanza kuvunjika inapaswa kuulizwa kama hiyo ya pili iliijua tangu Juni ikaificha, au iliitafuta mwezi Agosti.

Sheria ya Bima, Sura ya 487, inazungumzia siku 90 tangu dai liripotiwe, nazo zangu ziliisha Julai. Sasa nalipeleka shauri kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima kule Nairobi, iliyoanza kazi mwaka 2007 na ambayo hupokea malalamiko ya watu kama mimi, na nitakubali itakavyoamua. Lakini kabla ya hapo nataka kitu kimoja, nacho ni nakala ya taarifa ya mkadiriaji, ambayo nimeiomba kwa barua tatu na kila mara nikajibiwa kwamba ni mali ya kampuni, ilhali kifungu cha 35 cha Katiba humpa raia habari iliyo mikononi mwa mtu mwingine ikiwa anaihitaji kulinda haki yake. Nataka kuona kama imeandikwa humo tarehe aliyofika, na kama kuna mahali alipoandika kwamba tuliambiwa tusikaushe ukuta.

Lipu tumekwisha kuikomoa, kwa mwethya ule ule niliouzuia. Taarifa ya mkadiriaji wakitaka kuniletea, anwani yangu wanayo. Ndiyo wanayoitumia kila Januari kunikumbusha ada.

Wako mtiifu,
Mwalimu Mstaafu,
Kanyangi, Kitui.