Waliofyatua Matofali Waandikwe

Hapa Lubumbashi, kanisa la Kipentekoste likitimiza miaka 10 au 25, tunashona vitenge vya sare, tunaalika kwaya kutoka mitaa ya Kenya na Ruashi, na juu ya mlango tunatundika bango lenye picha ya mchungaji na mke wake, na chini yake maandishi kwamba huyu ndiye mwanzilishi. Mimi ni mama shemasi katika kusanyiko moja la mtaa wa Katuba. Wachungaji wangu nawapenda na kuwaombea kila siku. Kwa upendo huohuo nasema kwamba bango hilo limeacha nje watu wengi mno, na kuachwa kwao kunatugharimu.

Tazameni mwanzo wenyewe. Upentekoste wa Katanga husimuliwa kuwa kazi ya Waingereza wawili, William Burton na James Salter, waliofika Mwanza, katika nchi ya Waluba ambayo leo ni Haut-Lomami, mwaka 1915. Walijitoa kweli. Mwenzao mmoja alikufa kwa homa kabla ya kufika. Lakini walikuwa wageni wa lugha na wa njia. Injili ilienea kijiji kwa kijiji kwa miguu ya wenyeji, na miongoni mwao walikuwamo watu waliowahi kufika Angola kwa njia ya biashara ya utumwa, wakaamini huko, kisha wakarudi kwao na imani yao. Shalumbo alikuwa mmoja wao. Katika ibada za Januari 1920 pale Mwanza, ambazo wengi wanazihesabu kuwa Pentekoste ya Waluba, watu waliorudi kutoka Angola walikuwamo. Ni wangapi kati yetu tunaoimba kila Jumapili tunaolijua jina la Shalumbo?

Mwaka 1960 ulithibitisha kanisa lilikuwa la nani. Katika vurugu zilizofuata uhuru, wamisionari wawili wa misheni ya Burton na Salter, Teddy Hodgson na Elton Knauf, waliuawa mwezi wa Novemba. Burton aliondoka nchini, akafia Afrika Kusini mwaka 1971. Kazi ambayo mizizi yake ingekuwa kwa wageni tu ingekauka mwaka ule. Haikukauka. Wakongomani waliishika, akiwamo Jonathan Ilunga aliyeiongoza kwa miaka mingi, na leo ni Jumuiya ya 30 ndani ya Kanisa la Kristo Kongo, inayojulikana kwa herufi CPCO.

Mjini mambo yalikwenda vivyo hivyo. Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilizaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba na reli. Katika kambi za wafanyakazi wa migodi wa Union Minière, kampuni, serikali ya Wabelgiji na kanisa Katoliki vilikwenda pamoja, na shule nyingi zilikuwa mikononi mwa mapadri. Mpentekoste aliyetoka kijijini kutafuta kazi alikuja na imani yake tu, akaomba na wenzake uani. Baadaye sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 ikayabana makanisa, na kundi la Kiprotestanti lililotaka kutambuliwa lilipaswa kuwa ndani ya Kanisa la Kristo Zaïre, ambalo leo ni Kanisa la Kristo Kongo. Baada ya hotuba ya Rais Mobutu ya tarehe 24 Aprili 1990, iliyofungua njia ya vyama vingi, milango ikafunguka, na makanisa mapya yakaanza kuota katika kila mtaa wa mji huu.

Kusanyiko letu ni la wakati ule. Gécamines, kampuni iliyorithi migodi ya Union Minière, ilikuwa inaanguka: katikati ya miaka ya 1980 ilitoa takriban tani 470,000 za shaba kwa mwaka, na kufika 1993 hazikutimia 50,000. Mishahara ilikatika, na posho ikakatika nayo. Tuliomba nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane aliyeuza makala, na ndiye aliyetoa sehemu ya parsele yake ili tujenge. Palikuwa na kichuguu kikubwa. Tulikivunja, vijana wakafyatua matofali kwa udongo wake, wamama tukabeba maji kichwani, tanuru likawaka usiku kucha. Malata tulinunua mawili matatu, kadiri sadaka ilivyoruhusu. Aliyepata unga alipika bukari ya watu wote. Mchungaji wetu alifanya kazi pamoja nasi, na hilo nalishuhudia kwa furaha.

Benchi za kwanza zilitengenezwa na maseremala wawili wenye asili ya Kasai. Katika fukuza-fukuza ya Wakasai ya 1992 na 1993 waliondoka na familia zao, kama maelfu waliolala kwenye vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi wakisubiri usafiri. Watoto wetu wanakalia benchi hizo hadi leo. Hakuna karatasi yenye majina ya walioziunda. Vijana wakiambiwa Wakasai hawakujenga kitu hapa, watajibu nini?

Kusahau huku kuna hasara nyingine. Kanisa moja jirani lilijengwa kama letu, lakini hati ya kiwanja iliandikwa kwa jina la mtu mmoja. Alipofariki, watoto wake wakalidai jengo kama urithi, na waumini waliolijenga hawakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha. Kusanyiko lilitawanyika. Kanisa lisilokumbuka waliolijenga huishia kuwa mali ya mtu mmoja.

Najua jibu la ndugu wengi: utukufu ni wa Mungu, majina ya nini? Wafungue Nehemia sura ya tatu. Ukuta wa Yerusalemu ulikuwa kazi ya Mungu, na bado wajenzi waliandikwa mmoja mmoja, kila mtu na kipande chake: makuhani, wafua dhahabu, mabinti wa Shalumu. Hata wakubwa wa Tekoa waliokataa kuinama kazini wameandikwa. Paulo naye, katika Warumi sura ya 16, anawataja watenda kazi kwa majina, akianza na mwanamke, Fibi. Maandiko hayakuona kwamba majina ya watu yanamwibia Mungu sifa.

Basi naomba kila kusanyiko la mji huu liwe na daftari la waanzilishi. Liandikwe nani alitoa kiwanja, nani alifyatua, nani alipika, nani aliongoza maombi kabla mchungaji hajapatikana. Vijana wenye simu wawarekodi wazee, kwa Kiswahili, Kiluba, Kibemba au Chiluba, maana kila msimu tunazika mashahidi. Hati ya kiwanja iandikwe kwa jina la kanisa lenyewe, lililosajiliwa kwa sheria ya tarehe 20 Julai 2001 inayohusu mashirika yasiyo ya faida. Hesabu za sadaka zisomwe mbele ya waliozitoa.

Wachungaji wangu, anzeni ninyi. Katika sherehe inayokuja, kabla ya kwaya ya kwanza kuimba, simameni msome majina hayo yote, ya waliohama na ya waliokufa pia. Heshima yenu haitapungua hata kidogo, na mtoto anayewasikiliza atajua kwamba kanisa hili ni lake pia kulitunza.