GHALA TWALITAKA, LAKINI KWANZA LIPIMWE

Wazee walisema akiba haiozi. Mkulima wa mpunga katika mbuga za Iramba anajua kwamba msemo huo una sharti lake: akiba haiozi ikiwa imekauka. Mpunga unapovunwa huwa na maji kiasi cha sehemu 20 mpaka 25 katika kila 100 za uzito wake. Ili ukae ghalani bila kuota ukungu, yapasa maji hayo yashuke mpaka sehemu 14 au chini yake. Mkulima asiye na mahali pa kukaushia wala pa kuhifadhia huuza upesi, kwa bei ya mnunuzi, na kwa gunia la lumbesa. Kwa hiyo twasema waziwazi tangu mwanzo: mashine ya kukaushia mpunga na ghala la kuuhifadhi ni silaha ya mkulima. Sisi hatumo katika kundi la watu wanaoogopa kila jengo jipya.

Lakini silaha hupimwa kabla ya kushikwa. Tutwae mfano wa Kinampanda, kule juu katika uwanda wa Iramba. Kituo cha namna hiyo kikitakiwa kujengwa pale, nani atauliza moshi wake utakwenda wapi, maganda yatatupwa wapi, na kuni zitatoka mlima gani? Maswali hayo si ya mhandisi peke yake. Ni ya mama anayechota maji, na ni ya mzee ambaye shamba lake liko chini ya mteremko.

Tunayo kumbukumbu isiyo mbali na Singida. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta Kongwa kulima karanga. Fedha walikuwa nazo, mashine walikuwa nazo, na haraka walikuwa nayo. Walichokosa ni kuupima vya kutosha udongo unaokuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, na mvua isiyo na ahadi. Wenyeji walioijua mvua ile hawakuwa washauri wa mpango. Mwaka 1951 mpango ukafutwa. Pauni kiasi cha milioni 36 zilikwisha kupotea, na miti iliyong'olewa haikurudi. Ghala moja la mpunga si Kongwa, twajua. Lakini kosa la kujenga kwanza na kuuliza baadaye ni lile lile, liwe kubwa au dogo.

Basi ni nini cha kupima? Kwanza ni moto. Tani moja ya mpunga yenye maji sehemu 22, ikikaushwa mpaka 14, hutoa karibu kilo 93 za maji. Maji hayo hayaondoki kwa maneno, yanataka joto. Joto hilo likitoka kwenye kuni, kila msimu utakula miti ya Iramba, na nchi kavu kama Singida haina miti ya kuchezea. Lakini tani hiyo hiyo ikikobolewa hutoa kiasi cha kilo 200 za maganda, nayo maganda huwaka vizuri katika tanuru lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Tena mvua zetu hukoma kati ya Aprili na Mei, na baada ya hapo jua ni kali na hewa ni kavu. Anayetaka kuchoma kuni atueleze kwanza kwa nini turubai, sakafu safi ya kuanikia na tanuru la maganda havitoshi.

Pili ni takataka na vumbi. Maganda ya mpunga hayaozi upesi. Yakilundikwa kando ya kijito huziba maji. Yakichomwa ovyo hujaza moshi vijijini. Vumbi lake huingia mapafuni mwa wapakuzi, nalo likijaa ndani ya jengo lililofungwa laweza kushika moto. Upepo wa Singida wakati wa kiangazi huvuma sana kutoka mashariki. Kwa hiyo kituo kisiwekwe mashariki ya nyumba za watu, wala ya shule, wala ya Chuo cha Ualimu. Jambo hili halihitaji fedha. Lahitaji mtu kusimama pale na kutazama upepo unakokwenda.

Tatu ni dawa. Vidonge vinavyotumiwa ghalani kuua wadudu hutoa gesi iitwayo fosfini, nayo haichagui kati ya mdudu na mtu. Ghala lisilofungwa sawasawa, likiwa ukuta kwa ukuta na nyumba ya kulala, ni hatari kwa watoto. Yafaa ijulikane mapema nani amefundishwa kuitumia dawa hiyo, na mabaki yake yatafukiwa wapi.

Nne ni maji ya mvua. Bati lenye eneo la mita 1,000 za mraba, likinyeshewa milimita 10 tu, humwaga lita 10,000. Yakiachwa yashuke mteremko, yatachimba korongo katika shamba la jirani. Yakikingwa katika tangi, yatawafaa watu wakati wa kiangazi. Tofauti ya baraka na balaa hapo ni mfereji na tangi, nayo yapasa yachorwe katika ramani kabla ya tofali la kwanza.

Wako watakaosema kwamba maswali haya ni ya kuchelewesha maendeleo. Sisi tunajibu kwamba kupima kwa haki hupima pande zote mbili. Kutojenga nako kuna madhara yake. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi. Na mpunga ukioza, huoza pamoja na maji yaliyounywesha, udongo uliouzaa na jasho la aliyeupalilia. Mpimaji mwaminifu ataandika hayo pia. Hatutaki ripoti ya kukataza ghala. Twataka ripoti ya kulifanya ghala liwe jema.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 81, inataka mradi unaopaswa kupimwa athari zake upimwe kabla ya kuanza au kugharimiwa. Sheria hiyo hiyo imeweka kamati za mazingira mpaka kijijini. Kanuni za mwaka 2005 zinataka muhtasari wa ripoti uandikwe kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza. Huo ni mwanzo mwema, lakini muhtasari ni mfuniko tu. Chakula kimo chunguni. Ikiwa ripoti yenyewe imejaa kurasa za Kiingereza zilizofungiwa kabatini Kiomboi au Dodoma, mwananchi wa Kinampanda atapigaje kura ya kichwa chake? Tumejitawala tangu mwaka 1961. Haifai mtu aamuliwe habari za kijito chake kwa lugha asiyoisoma.

Kwa hiyo tunataka mambo matatu. Ripoti isomwe kwa Kiswahili katika mkutano wa kijiji, na maswali yaandikwe pamoja na majibu yake. Kamati ya mazingira ya kijiji ipewe nakala, ili baada ya mwaka mmoja na baada ya miaka mitano ikague kama yaliyoahidiwa yametendwa. Na wakulima wenyewe wawe na sauti katika uendeshaji wa ghala, maana mwenye mpunga ndiye mlinzi wa kwanza wa mahali unapolala.

Wananchi wa Kinampanda, na wa kila kijiji kitakachofikiwa na mradi wa namna hii: siku ya mkutano ikitangazwa, nendeni, wanawake kwa wanaume. Ulizeni habari za kuni, maganda, dawa na maji. Mtaalamu anayeijua kazi yake hataudhika. Atakayeudhika kwa maswali hayo, msimpe kiwanja.