Tunatafuna Shina Kila Siku, Lakini Hatujawahi Kuliona

Wasee, hebu tuanze na swali rahisi. Miraa ni nini?

Usiniambie biashara, usiniambie siasa. Naongea kuhusu kile kijiti chenyewe. Ukikishika pale Maua ama Laare, ukaking'ata na kuvuta ganda kwa meno, umefanya nini hasa? Umetenganisha tishu. Ganda unalotafuna ndilo limebeba floemu, mirija inayosafirisha chakula kutoka kwa majani. Kijiti unachotupa chini ni zailemu kwa sehemu kubwa, mirija inayopandisha maji kutoka kwa mizizi. Yaani kuna mzee huko Igembe amefanya praktikali ya bayo kwa meno miaka 40, na mjukuu wake yuko darasani anakariri mchoro wa shina kutoka kwa kitabu.

Hapo ndipo mimi hukasirika.

Nimesoma huku kwetu. Shule siitaji. Tulikuwa na hadubini moja, imefunikwa mfuko wa plastiki, imefungiwa kabatini. Ilitoka siku wakaguzi walikuja, ikarudi wakienda. Mashina tulichora ubaoni: duara kubwa, vifungu vimepangwa mviringo, hiyo ni maharagwe. Duara lingine, vifungu vimetawanyika, hiyo ni mahindi. Weka majina, piga mistari kwa rula, pata maksi. Nilipata maksi zangu zote. Sikuelewa kitu.

Mara ya kwanza kuona shina lililokatwa na kutiwa rangi nilikuwa nimeshamaliza shule. Ilikuwa safranini, ile rangi nyekundu inayoshika lignini, kitu kigumu kilicho kwenye kuta za zailemu. Niliinama nikaangalia na nikanyamaza. Haikufanana na ule mchoro. Kulikuwa na mamia ya seli, zingine zimepasuka kwa sababu wembe ulipita vibaya. Lakini mirija ya maji ilikuwa wazi kabisa, mashimo mekundu yamejipanga. Nikaelewa kwa dakika moja kile nilichokariri kwa miaka minne. Nikajiuliza, hii kitu ilikuwa inafichwa nini?

Najua mtaniambia nini. Nianze na ile ya kwanza: "Mtihani hauhitaji." Kweli, karatasi ya tatu ya bayo kwenye KCSE mara nyingi huleta picha zilizochapishwa, na mwanafunzi anaweza kujibu bila kugusa hadubini. Lakini karatasi hiyo ina maksi 40. Anayeona picha ya shina kwa mara ya kwanza ndani ya chumba cha mtihani anakisia. Aliyekata shina kwa mkono wake anatambua. Na mnajua ni shule gani huwa na maabara inayofunguliwa kila wiki, na ni shule gani ya kutwa huko Kiritiri ama Ishiara hungoja hadi ile orodha ya vifaa ije kabla ya mtihani ndiyo vitu vianze kutafutwa. Huo si mchezo wa haki.

Ya pili: "Hakuna pesa." Hii naiheshimu, kwa sababu mwalimu mmoja mwenye watoto 60 hawezi kufanya miujiza. Lakini tusijifiche nyuma yake. Chukua mche mchanga wa maharagwe. Kata shina, lisimamishe kwenye maji yenye rangi nyekundu ya keki, liache usiku kucha. Asubuhi libane katikati ya vipande viwili vya karoti ili lisiteleze, ukate slaisi nyembamba kwa wembe mpya, nyembamba hadi mwanga upite. Hata kwa macho utaona vidoti vyekundu kwenye duara. Hizo ndizo njia za maji, zimejichora zenyewe. Rangi ya keki na wembe havijawahi kushinda bajeti ya shule yoyote. Ukitaka kuona ndani zaidi, kuna hadubini ya karatasi inaitwa Foldscope, iliyobuniwa na timu ya Manu Prakash wa Chuo Kikuu cha Stanford. Wenyewe walisema vifaa vyake vinagharimu chini ya dola moja. Na Robert Hooke, mwaka wa 1665, alikata kipande cha koki kwa kisu kikali, akaangalia, akatupatia jina la seli. Hakuwa na stima. Nyinyi mna stima na kabati limefungwa.

Ya tatu ndiyo hunimaliza: "Si wataangalia video tu." Video ni nzuri, mimi mwenyewe natengeneza. Lakini video inakuonyesha shina ambalo mtu mwingine amekata vizuri. Haikuonyeshi slaisi yako nene iliyotoka nyeusi, wala haikulazimishi kujiuliza kwa nini. Sayansi huanzia kwa hiyo slaisi mbaya.

Na hapa hatuongelei maksi pekee. Enda Imenti Kusini uongee na mkulima wa ndizi ambaye shamba lake limeingiwa na ugonjwa wa Panama. Majani yananyauka na udongo uko na maji. Anamwagilia zaidi, mmea unakufa tu. Kata lile "shina" la ndizi (ambalo kwa kweli ni makoti ya majani yaliyofungana) na utaona mistari ya kahawia ndani. Kuvu limeziba mirija. Maji yapo chini, barabara ya kupanda juu imefungwa. Mtoto aliyewahi kuona zailemu kwa macho yake angemwambia mzee wake aache kubeba debe za maji. Mtoto aliyekariri mchoro atamsaidia kubeba.

Angalia pia muguka. Mei 2024 Mombasa ilipopiga marufuku, kila mtu alikuwa na maoni: magavana, mahakama, sisi wote mitandaoni. Tulipigania mmea mwezi mzima. Ni wangapi kati yetu waliojua kwamba muguka wa Embu na miraa ya Meru ni spishi moja, Catha edulis, ila huku tunatafuna majani na kule ganda? Tunaishi kwa huu mmea, na ndani yake hatujawahi kuchungulia.

Sasa gredi ya 10 imeanza Januari 2026, na serikali inataka asilimia 60 ya wanafunzi wachukue mkondo wa sayansi. Sawa. Lakini sayansi bila kugusa kitu ni CRE yenye michoro.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Walimu wetu, fungueni kabati. Chuo Kikuu cha Embu na kile cha Meru viko hapa hapa, vina maabara. Vialike shule za kutwa hata Jumamosi moja kwa muhula. Na wewe unayesoma hii ukiwa kidato cha tatu, usingoje mtu. Wembe ni shilingi chache, maharagwe yako jikoni. Panda leo, kata wiki ya pili, piga picha na simu ya mathako, unitumie.

Hata ikiwa slaisi ni nene, tuma tu.