Fimbo Haimpi Punda Mwendo

Ndugu mfugaji, acha kumchapa punda ukidhani unampa mwendo. Kila msimu wa mahindi barabara ya Matai kwenda Kasesya inaonyesha mambo yaleyale: gunia linaruka mgongoni, kijana yuko nyuma na fimbo, na mwenye mnyama anajisifu eti punda wake ana mbio. Hayo ni matiti tu.

Matiti ni mwendo wa mapigo mawili. Mguu wa mbele wa kulia hutua pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha jozi ya pili. Kati ya mapigo hayo mnyama anayekimbizwa huwa hewani, na akishuka mzigo unamgonga mgongo. Hesabu hatua za kilomita kumi, utajua vidonda vinatoka wapi. Halafu unakuja kuomba dawa ya "upele"!

Mwendo wa kutembea una mapigo manne: kila kwato hutua peke yake, mgongo unatulia. Wapo wanyama wanaoweza kuyaharakisha mapigo hayo manne bila kuingia kwenye matiti. Watu wa pwani wana neno la mwendo huo wa punda, wanauita telki. Kwa farasi wanasifika wa Iceland, Paso Fino wa Colombia, na hata wale wa Lesotho. Mwaka 2012 wanasayansi walitangaza kuwa uwezo huo kwa farasi unahusiana na badiliko katika jeni iitwayo DMRT3. Mafunzo huunoa, lakini mnyama huzaliwa nao.

Kwa hiyo chagua unaponunua. Mwambie muuzaji amtembeze punda haraka, bila mzigo, kwenye ardhi ngumu. Fumba macho, sikiliza. Ukisikia mapigo manne yaliyo sawa hata akiongeza kasi, huyo mchukue, na akiwa jike mzalishe. Mzigo usizidi theluthi ya uzito wake. Gunia la kilo 100 kwa punda wetu hawa wadogo ni ukatili, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza kumtesa mnyama.

Utaniambia mnunuzi wa mpakani hasubiri. Basi ondoka alfajiri. Na huyo ambaye kamba imeshamkata, mpumzishe mpaka ngozi ifunge. Kipande cha turubai juu ya kidonda si matibabu.