Tangazo la mradi liwe na tarehe ya ukomo

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaopanga maeneo maalumu ya kiuchumi kwa ajili ya utalii. Sisi wa Mjimwema, Kigamboni, tuko ufukweni. Hoteli zikitafutiwa mahali, macho huja kwetu.

Mwaka 2008, Kigamboni ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Temeke, ulitangazwa mradi wa Mji Mpya, tukaambiwa tusiendeleze maeneo yetu. Nyumba yangu ilikuwa imefika kwenye linta. Mbao za kenchi nilikwishanunua, nikazipanga chini ya mwembe na kuzifunika turubai. Mchwa walizimaliza. Nondo za nguzo za baraza ziliota kutu, ukizishika kiganja kinabaki chekundu. Wanangu wamekua hadi kumaliza shule tukiwa wapangaji Mbagala, ilhali kiwanja tunacho. Na mji wenyewe haukujengwa.

Jirani zetu wa Bagamoyo, kule Zinga na Mlingotini, nao wanajua kusubiri: ardhi ilitengwa kwa ajili ya eneo maalumu la kiuchumi, na wapo waliokaa miaka wakidai fidia.

Utalii siupingi hata kidogo. Tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016 wageni wa Jumamosi na Jumapili wameongezeka, na pweza anaowauza mke wangu hawalali. Kinachoniuma ni muda. Mwekezaji wa maeneo maalumu ya kiuchumi, sheria ya mwaka 2006 ilimpa msamaha wa kodi ya mapato kwa miaka 10 ya mwanzo. Alijua unaanza lini na unakwisha lini. Mwenye kiwanja hakuambiwa asubiri mpaka lini. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka, na ile ya uthamini ya 2016 imeupa uthamini wa fidia uhai wa miaka 2. Basi na tangazo lenyewe lipewe uhai wake.

Mwaka 2025 kituo cha uwekezaji, TIC, na mamlaka ya maeneo ya uzalishaji kwa mauzo ya nje, EPZA, viliunganishwa kuwa mamlaka moja ya uwekezaji na maeneo maalumu ya kiuchumi, TISEZA, kwa hiyo sasa mlango wa kubisha ni mmoja. Naomba kila eneo litakalotengwa, ramani yake ibandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, imeandikwa tarehe ya mwisho ya kulipa fidia. Tarehe hiyo ikipita hatujalipwa, tupewe barua ya kuendelea kujenga siku hiyo hiyo, bila kuzungushwa.

Mkazi wa Mjimwema,
Kigamboni, Dar es Salaam