Mtoto wa Salgaa Ana Baba

Lori la transiti likitoka Mombasa kwenda Malaba, serikali inajua liliko. Tangu 2017 mamlaka ya ushuru, KRA, imekuwa ikifunga shehena kwa lakiri za kielektroniki na kuzifuatilia hadi mpakani. Gilgil lori hupimwa uzito. Likilala Salgaa, mtambo unaonyesha limelala Salgaa. Dereva akipata mtoto hapo, mama ndiye anayeachiwa kazi ya kumtafuta baba huyo, na mara nyingi alicho nacho ni nambari ya simu isiyopatikana tena.

Toleo hili ni la wazazi wanaolea peke yao kando ya barabara kuu. Tumeanza na Salgaa, eneo bunge la Rongai, Nakuru, kwa sababu mji huo umekuzwa na malori. Jioni yanajipanga kando ya lami, na riziki ya mji inaanza: chakula, vyumba, nguo za kufua, pombe, na wapo wanawake wanaouza miili yao. Hatutawahukumu. Wengi wamepanga chumba kimoja mbali na kwao. Kazi ni ya usiku, kwa hiyo mtoto hulala kwa jirani kwa shilingi chache. Jirani akisafiri, mtoto hufungiwa ndani peke yake.

Nchi hii ina huruma, lakini huruma yake hungoja msiba. Tarehe 31 Januari 2009, hapo Sachangwan, kwenye barabara hii hii, watu walikimbilia mafuta ya tangi lililopinduka, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 wakafa. Taifa liliomboleza na kuchanga. Umaskini uliowafanya watu wazima na watoto wakimbilie petroli na mitungi mikononi ulikuwepo kabla ya siku hiyo, na bado upo.

Ipo Inua Jamii ya serikali, na ni mpango mwema. Hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi, kiasi ambacho hakijaongezwa kwa zaidi ya miaka 10 huku bei ya unga ikipanda. Hata hizo, mama wa Salgaa hazipati kwa urahisi. Fungu la watoto liliwekewa yatima, na nyumba ambayo mlezi wake ni mgonjwa wa muda mrefu. Mtoto huyu si yatima. Baba yake ni mzima, yuko njiani kuelekea Kampala. Tena orodha hupitia kwa chifu, mzee wa mtaa na baraza, na mpangaji aliyehamia juzi hana wa kumsemea huko. Anayemsemea ni chama chake: wanawake wenzake wanaochangishana kila wiki, zamu kwa zamu, na ndio wanaolipa karo na kuzika wafu.

Kwa hiyo sitaki tuzungumze habari ya sadaka. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinasema baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Dereva naye ni mtu wa mshahara mdogo, mara nyingi ana familia nyingine, na wapo wanaotuma pesa bila kushurutishwa. Lakini kila lori lina mwenyewe, na mwenyewe anamjua dereva wake. Mama akifika kwa afisa wa watoto na nambari ya lori, afisa huyo aweze kumwandikia mwajiri, mahakama imwite dereva kupitia kwa mwajiri, na matunzo yakatwe kwenye mshahara. Nchi iliyoweza kulinda shehena ya mafuta hadi Uganda haishindwi na hili.

Jambo la pili ni la kaunti. Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo limezipa kaunti jukumu la vituo vya kulelea watoto. Limeandikwa waziwazi, pamoja na shule za chekechea. Salgaa inahitaji kituo kimoja kinachofunguliwa usiku, chenye vitanda, taa, na mlezi anayelipwa.

Wasomaji wetu wa Rongai na Nakuru, bajeti ya kaunti haipitishwi bila vikao vya maoni ya umma. Nendeni. Mwulizeni mwakilishi wadi wenu kituo hicho kimetengewa shilingi ngapi, na msiondoke bila jibu.